Nani Asikilize Mazungumzo ya Katandala?

Mwaka 2023 kirusi cha polio kiligunduliwa kwa mtoto mmoja mkoani Rukwa. Septemba mwaka huohuo chanjo ya matone ilipelekwa nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, kwa watoto wa chini ya miaka minane. Kazi ya namna hiyo inaweza kukwamishwa na barabara mbovu au jokofu lililoharibika. Inaweza pia kukwamishwa na voisi ya dakika moja iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana, ikafowadiwa kutoka grupu la ukoo hadi grupu la kikoba, na asubuhi mchanjaji akakuta mlango umefungwa na mama kaenda shamba na watoto wote. Ndiyo maana likija jambo la afya, la mbolea au la bei ya mahindi, swali hurudi: hakuna njia ya kujua watu wanasema nini mitandaoni kabla mambo hayajaharibika? Tena njia isiyo na gharama, maana hakuna ofisi ya kata yenye fungu la kununua programu za mamilioni.

Zana za bure zipo. Tunalojadili hapa ni kama zinaifaa Katandala, kata ya mjini Sumbawanga, mkoani Rukwa, na nani akabidhiwe kazi hiyo. Mjadala nimeupanga kwa sauti nne ambazo mkazi yeyote wa Sumbawanga atazitambua: kijana mwenye steshenari, mwalimu mstaafu, mama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mwenye ghala la mahindi. Sikuzipa majina kwa kuwa nimezitunga ili zibebe hoja, hazimwakilishi mtu fulani. Nami nitaingia pale hoja itakapohitaji kubanwa.

KIJANA: Shikamoo Mwalimu, shikamoo mama. Naomba nianze kwa sababu kazi yenyewe naifanya. Google wana huduma inayoitwa Alerts, ipo tangu 2003 na hailipiwi. Unaandika maneno unayotaka, tuseme Sumbawanga na kipindupindu, unaweka barua pepe yako, umemaliza. Ukurasa mpya wenye maneno hayo ukiingia kwenye utafutaji wao, unaletewa. Ukitaka maneno mawili yakae pamoja unayafunga kwa alama za nukuu. Usilotaka unalitangulizia alama ya kutoa. Kuna Google Trends, ya tangu 2006, inayoonyesha watu wanatafuta nini na kwa wingi gani. Mtu mmoja mwenye simu na bando la wiki anaweza kuisimamia kazi hiyo kwa mkoa mzima.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Hiyo Alerts inaingia ndani ya WhatsApp?

KIJANA: Hapana, Mwalimu. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kiasi kwamba hata wenye kampuni hawausomi.

MWALIMU: Magrupu ya Facebook yaliyofungwa, je?

KIJANA: Humo pia haiingii.

MWALIMU: Sasa watu wa Katandala wanazungumzia wapi?

Swali la Mwalimu ndilo la kwanza ambalo kila mpenda zana analazimika kulijibu. Sokoni, stendi, kanisani, kwenye vijiwe vya bodaboda, mazungumzo ya simu ni ya magrupu. Na humo ndani wengi hawaandiki, wanarekodi sauti. Voisi moja inaweza kuanza kwa Kiswahili, ikaingia Kifipa pale pa uchungu, ikamalizikia Kimambwe kama msemaji ana ndugu upande wa Kalambo. Hakuna zana ya bure ninayoijua mimi inayosikia hayo. Na Trends, kwa namna ilivyotengenezwa, haionyeshi utafutaji ulio mdogo mno. Mji kama wetu mara nyingi unabaki mstari mtupu. Mtupu huo usisomwe kwamba watu wametulia.

MWENYE GHALA: Jamani, mimi sina habari na hayo ya ndani sana. Nataka kujua jambo moja tu. Dalali anaandika usiku kwenye grupu kwamba NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, wamesimamisha kununua, na asubuhi mkulima wa Laela ameshauza gunia lake kwa bei ya kutupa. Huo ni uvumi wenye faida kwa mtu. Kijana, chombo chako kinaweza kumkamata huyo dalali?

KIJANA: Dalali hakiwezi kumkamata, mzee wangu. Ila nikiweka NFRA na Rukwa kwenye Alerts, tangazo la Wakala au habari ya gazeti ikitoka naletewa kwenye simu, naiweka kwenye grupu, na mkulima anaona neno la dalali na neno la Wakala kwa pamoja.

MWENYE GHALA: Hilo linanitosha. Hata mimi mnunuzi uvumi unaniumiza, maana leo nanunua kwa bei ya hofu, kesho sipati mzigo.

Hapo Kijana amesema jambo kubwa kuliko alivyokusudia. Ameanza kwa kutuahidi sikio, akaishia kutupa mdomo. Zana ya bure haisikii uvumi wa grupuni, lakini ni nzuri kwa kutafuta haraka neno la kweli la kuujibu. Hizo ni kazi mbili tofauti, na wengi wanaohubiri zana hizi huzichanganya.

Kuna tatizo la lugha pia. Utafutaji wa maneno makuu umezoea lugha ambazo neno hubaki vilevile likizunguka kwenye sentensi. Kiswahili hakikai hivyo. Ukiiambia zana ikuletee neno chanjo, itaipita sentensi ya mama aliyeandika hatujachanja, au wasichanjwe, au walimchanja akaumwa. Kitenzi chetu kimebeba mtendaji, wakati na kukanusha ndani ya neno moja, kwa hiyo hofu yenyewe, lile kanusho, ndiyo inayopotea. Watafiti wanajitahidi: mwaka 2023 ulitolewa mkusanyo wa AfriSenti, wenye jumbe za Twitter katika lugha 14 za Afrika zilizopangwa kwa hisia nzuri na mbaya, na Kiswahili kimo. Kifipa hakimo. Na jina la mji wetu lina mzigo wake: andika Sumbawanga uone mizaha ya uchawi inavyomiminika kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuupanda uwanda wa Ufipa. Zana inayapokea yote kama mazungumzo kuhusu sisi. Ofisa wa Dodoma akitazama ripoti hiyo ataona mji usiokuwepo.

MWALIMU: Mimi nina shaka na hilo neno bure. Cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe akichoka anakibeba.

KIJANA: Hapo siwezi kukupinga. CrowdTangle ilikuwa zana ya kufuatilia kurasa za wazi za Facebook. Waandishi na watafiti wengi waliitegemea. Facebook waliinunua 2016, wakaifunga tarehe 14 Agosti 2024, na kilichowekwa badala yake hakifunguliwi kwa kila mtu. Topsy, iliyokuwa ikitafuta ndani ya Twitter, ilizimwa Desemba 2015 baada ya Apple kuinunua. Twitter wenyewe walikata mlango wa bure wa kuchukua data mwaka 2023, na TweetDeck, dirisha lao la kufuatilia jumbe, ikawa ya kulipia mwaka huohuo. Hootsuite, wenye zana ya kusimamia akaunti za mitandao, nao waliondoa mpango wa bure 2023.

MWALIMU: Na hapa nchini?

KIJANA: Hapa nchini mtandao wa X, ndio Twitter ya zamani, ulifungwa Mei 2025. Kabla ya hapo, Oktoba 2023, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitaka kila atumiaye VPN kwa kazi yake aisajili. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa.

MWALIMU: Kwa hiyo siku ambayo uvumi ungekuwa na nguvu kuliko siku zote, zana zako zote zilikuwa viziwi.

Kijana hakosi hoja, na haki yake nimpe. Zana ya bure iliyo maarufu kuliko zote katika eneo letu ilizaliwa Nairobi. Januari 2008, katikati ya vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya zilizoua watu zaidi ya 1,000, Ory Okolloh na wenzake akina Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walitengeneza Ushahidi: mwananchi anatuma taarifa kwa SMS au kwa mtandao, taarifa inawekwa kwenye ramani. Programu hiyo iko wazi, yeyote anaweza kuichukua na kuitumia, na imetumika katika majanga na chaguzi nchi nyingi. Haimfuati mtu anakozungumza. Inamngoja aje mwenyewe kusema. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Waliotengeneza Ushahidi walifanya kazi nyingine ambayo haitajwi sana Tanzania, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na swali letu. Uliitwa mradi wa Umati. Ulianza 2012, ukiendeshwa na iHub, kituo cha teknolojia cha Nairobi, pamoja na Ushahidi, kuelekea uchaguzi wa Machi 2013. Walitaka kufuatilia lugha ya hatari mitandaoni, ile inayoweza kumsukuma mtu kumdhuru mwenzake. Walikuwa wataalamu wa kompyuta, wenye programu zao, wakiwa ndani ya Nairobi yenye intaneti nzuri. Na walifanya nini? Waliajiri watu. Watu hao waliketi kila siku wakisoma kwa macho yao yaliyoandikwa kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kikalenjini, Kisomali, wakipanga kila tamko kwa kiwango cha hatari yake. Hapakuwa na programu iliyoweza kutambua tusi la kimafumbo katika lugha hizo, wala kujua kwamba neno la kawaida la mdudu au la gugu limegeuzwa kuwa jina la kabila. Mzaliwa wa lugha anajua mara moja.

Matokeo yao yanapaswa kusomwa na kila halmashauri. Sehemu kubwa kabisa ya matamko ya hatari waliyoyaona ilikuwa Facebook. Kwenye Twitter walikuta jambo la kutia moyo: mtu akiandika uchochezi, wenzake walimkemea hadharani hadi wengine wakafuta walichoandika au wakafunga akaunti. Jamii ilijisahihisha bila polisi. Na uchaguzi wa 2013 ulipita bila umwagaji damu wa kiwango cha 2008, ingawa maneno makali mtandaoni yalikuwa mengi. Maana yake ni kwamba wingi wa maneno mabaya peke yake haukutabiri vitendo. Anayehesabu maneno bila kuwajua wasemaji anaweza kupiga kengele ya moto mahali pasipo na moto, na akanyamaza panapoungua.

MAMA MHUDUMU: Mmenisahau, na mimi ndiye ninayegonga milango. Ngoja niwaeleze ya jirani zetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ebola ilipokuwa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wanakwenda nyumbani kwa watu na kuandika wanayoyasikia: maswali, uvumi, lawama, mapendekezo. Yakapangwa, yakapelekwa kwa wanaoendesha mapambano. Ukaonekana uvumi kwamba miili inachukuliwa viungo, kwamba ndani ya mfuko hakuna marehemu. Hawakwenda kumtafuta aliyeanzisha. Walileta mifuko yenye sehemu ya kuonea, ndugu wakamwona mtu wao kabla ya kuzika.

MWALIMU: Uvumi ukajibiwa kwa kitendo.

MAMA MHUDUMU: Ndiyo, baba. Tena Goma palifanyika utafiti wa lugha, shirika la Translators without Borders, wakakuta maneno ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu yaliyojaa kwenye matangazo yanawapita watu. Sisi hapa si tofauti. Bibi wa Kifipa ukimwambia kirusi cha polio kitokanacho na chanjo, atakutazama tu. Nikimweleza kwa Kifipa ataniuliza maswali matano, na katika hayo mawili ndiyo yaliyomfanya afunge mlango.

KIJANA: Lakini mama, daftari lako litasikia nyumba ngapi kwa siku? Uvumi unatembea usiku mmoja kutoka Katandala hadi Matai. WhatsApp wenyewe waliliona hilo: Januari 2019 wakaweka mwisho wa kufowadi kwa watu au magrupu matano kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliozunguka sana ukawa unapelekwa kwa mmoja mmoja. Kampuni kubwa imekiri kwamba mwendo ndio tatizo. Wewe unakwenda kwa miguu.

MAMA MHUDUMU: Ni kweli, nakwenda kwa miguu. Ila nimo ndani ya magrupu pia, tena kwa jina langu. Grupu la kikoba, grupu la wazazi wa shule, grupu la jumuiya. Voisi ikiingia naisikia palepale kama wengine.

MWENYE GHALA: Basi si uandike na aliyeituma? Mtu asiye na kosa anaogopa nini?

MWALIMU: Ndugu yangu, subiri. Hapo ndipo nilipokuwa nangoja tufike. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo: faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka hata mwenye mgahawa wa intaneti afunge kamera. Katika hali hiyo, mama aliyefowadi voisi ya chanjo kwa sababu anamwogopea mwanawe, ukishaandika jina lake kwenye jedwali umemwandalia kesi. Umesema unafuatilia mazungumzo. Utakuwa umefuatilia watu. Na Katiba, Ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake.

MWENYE GHALA: Lakini dalali mwongo je? Tumwache?

MWALIMU: Mjibu palepale grupuni kwa tangazo la Wakala, kama Kijana alivyosema. Kama ametapeli fedha za mtu, mlalamikaji yupo na polisi wapo. Hiyo haihitaji tuwasikilize majirani wote kwa siri.

Mimi nasimama na Mwalimu hapa bila kusita. Teknolojia inayosikiliza hofu ya watu ili iijibu ndiyo hiyohiyo inayowasikiliza ili iwaadhibu. Kitufe ni kimoja. Kinachotenganisha kazi hizo mbili ni nani anashika daftari, ameandika nini, na walioandikwa wanajua au hawajui. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imelisema hilo kwa lugha ya kisheria: anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, awaeleze wahusika anazikusanya kwa kusudi gani, na asizitumie kwa kusudi jingine. Kijana wa kujitolea anayejiunga kwenye magrupu ishirini akiwa kimya, anachukua skrinshoti zenye majina na namba, kisha anazituma kwa mfadhili, anavunja misingi hiyo hata kama nia yake ni njema na zana yake ni ya bure. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu miradi mingi ya kufuatilia uvumi huanza hivyo.

KIJANA: Nakubali. Lakini mkitangaza kwamba mnasikiliza, watu watanyamaza. Mtabaki na grupu la salamu za asubuhi.

MAMA MHUDUMU: Wapo watakaonyamaza, sikatai. Ila mwanangu, mwenye swali hunyamaza akiona hajibiwi. Nikitangaza kwamba kila Ijumaa naandika maswali ya wiki, bila majina, nayapeleka kwa mganga mfawidhi, na Jumatatu nawaletea jibu kwa voisi ya Kifipa na ya Kiswahili, nani atanyamaza? Naandika lililosemwa, mtaa na tarehe. Aliyesema simwandiki. Hata daftari likipotea njiani halimdhuru mtu.

KIJANA: Na jibu likichelewa?

MAMA MHUDUMU: Likichelewa nawaambia limechelewa. Wewe ndiye utakayenisaidia lisichelewe. Hizo Alerts zako ziwekee Wizara ya Afya, WHO, NFRA, mamlaka ya maji. Neno rasmi likitoka, niletee siku hiyohiyo.

KIJANA: Hiyo naiweza, mama. Na maswali ya mitaa yote tukiyaweka kwenye jedwali moja la bure, bila jina la mtu, tutaona ni swali lipi limetokea Katandala na Izia na Majengo katika wiki moja. Hapo kompyuta itafaa.

MWENYE GHALA: Na bei ya mahindi iwemo.

Hukumu yangu ni hii. Zana za bure za kufuatilia mitandao zitumike Sumbawanga kwa mambo ya wazi: matangazo ya serikali, habari za magazeti na redio, kurasa ambazo mwenyewe ameziacha wazi ili zisomwe. Zisitumiwe kuingia magrupuni kwa siri, na ripoti ya zana hizo isichukuliwe kuwa ndiyo sauti ya mkoa, kwa sababu sauti ya mkoa haimo humo. Kazi ya kusikia wapewe watu wanaojulikana, wanaozungumza lugha za hapa, waliotangazwa mbele ya grupu, na walipwe. Sehemu hii ya mwisho huachwa kila mara. Umati waliwalipa wasomaji wao. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaombwa bando lake mwenyewe, muda wake na masikio yake, halafu fedha ya mradi inakwenda kwenye semina ya kuonyesha programu ambayo mwaka ujao itafungwa na kampuni iliyoitoa.

Halmashauri ya Manispaa inaweza kuanza na kata moja, Katandala, kwa gharama ya bando la wahudumu wake na posho ya kijana mmoja. Nawe admini unayesoma haya, waulize wanagrupu wako wiki hii kama wanakubali maswali yao ya afya na ya bei yaandikwe bila majina na kupelekwa kwa wenye majibu. Wakikataa, heshimu. Wakikubali, mwombe mhudumu wa mtaa wako aingie kwa jina lake, na mchangieni bando.